HESABU YA BREKI

Wanafunzi wengi wa Embu na Meru, kama wenzao wa kwingineko, huyaogopa maswali ya fizikia, ingawa hesabu iliyomo mara nyingi haipiti ile ya shule ya msingi. Kinachowashinda ni haraka: macho yakiona tarakimu mbili, mkono huzizidisha kabla swali halijaeleweka. Yafaa basi kulichukua swali moja la njiani na kulifuata hatua kwa hatua.

Pikipiki ya bodaboda yatoka mtaa wa Dallas, mjini Embu, kwa mwendo wa kilometa 72 kwa saa. Meta 40 mbele yake mtoto aingia barabarani. Mwendeshaji huchukua sekunde 1 kabla ya kukamata breki, nazo breki zikishashika hupunguza mwendo kwa meta 5 kwa sekunde, katika kila sekunde. Je, atasimama kabla ya kumfikia mtoto?

Kwanza na uchorwe mstari wa barabara, na juu yake yaandikwe yaliyotolewa na lile linalotafutwa. Papo hapo huonekana kwamba safari hii ina vipande viwili, kimoja kabla ya breki na kingine baada yake, na kila kipande kina mwendo wa namna yake. Asiyechora huvichanganya.

Pili, vipimo vilinganishwe. Kilometa 72 ni meta 72,000, na saa moja ni sekunde 3,600; kwa hiyo mwendo ni meta 20 kwa sekunde. Aliyesahau jambo hili na kuitumia 72 vivyo hivyo atapata kama meta 590, yaani zaidi ya nusu kilometa. Jibu la namna hiyo lajishtaki lenyewe.

Kipande cha kwanza ni chepesi: sekunde 1 kwa meta 20 ni meta 20. Nusu ya nafasi imekwisha kuliwa, na breki haijaguswa bado.

Katika kipande cha pili, mwendo wa 20 ukipungua 5 kila sekunde utakwisha kwa sekunde 4. Kwa kuwa wapungua sawasawa kutoka 20 hadi 0, wastani wake ni 10. Na 10 mara 4 ni meta 40. (Hesabu hii ya wastani imo katika kitabu cha Galileo, Mwitalia, kilichochapishwa mwaka 1638.) Jumla ni meta 60, na nafasi iliyopo ni meta 40 tu.

Hapa ndipo haraka inapodanganya. Kwa kilometa 36 kwa saa, hatua zizo hizo hutoa meta 10 na meta 10, jumla 20. Mwanafunzi mwenye pupa husema mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali nao utakuwa mara mbili, yaani meta 40, na mtoto amepona. Sivyo. Mwendo ukizidishwa mara mbili, muda wa kufunga breki huzidi mara mbili na wastani wa mwendo huzidi mara mbili pia, hata umbali wa breki ukawa mara nne.

Mwendo wa pikipiki inapomfikia mtoto hupatikana hivi: mraba wa 20 ni 400, kutoka humo hutolewa 2 mara 5 mara meta 20 za breki, yaani 200. Hubaki 200, ambayo kipeuo chake ni kama 14. Hizo ni meta 14 kwa sekunde, karibu kilometa 51 kwa saa.

Mvua ikinyesha na breki zikapoteza nusu ya nguvu, zile meta 40 za breki huwa 80, na jumla 100.

Sheria ya Kenya huweka mwisho wa kilometa 50 kwa saa ndani ya miji. Kwa hatua zizo hizo, mwendo huo ni karibu meta 14 kwa sekunde: meta 14 kabla ya breki, 19 baada yake, jumla 33. Barabara ikiwa kavu, pikipiki husimama ikiwa imebakiza meta 7.