Mzee asiachwe ale peke yake

Ndugu wafanyakazi, pensheni ya INSS hupewa aliyelipiwa michango. Kibarua asiyeandikishwa, akizeeka, hubaki mikononi mwa watoto na majirani.

Majirani wanaweza kujipanga. Mwaka 2020, wakati wa Korona, serikali ya California, Marekani, ililipa mikahawa iwapikie wazee na kuwapelekea chakula nyumbani. Mzee alikula, mkahawa uliokosa wateja ulipata kazi, na mlango wa mzee ulipigwa hodi.

Hapa kwetu Bujumbura, mtaa kama Buyenzi unaweza kuanza kwa kidogo: wafanyakazi wachange, hoteli ipike, msikiti au parokia itaje wenye shida, vijana wapeleke na kukaa kuzungumza.

Lakini sahani ya msaada haifuti haki. Ndugu, hakikisha umeandikishwa INSS.