Amplifaya ya gari sebuleni: Kwa nini wengi huziunguza

VINYOZI, wenye vibanda vya chakula na vijana wanaoishi katika vyumba vya kupanga waligundua zamani kwamba njia ya bei nafuu ya kupata muziki mzito ni kununua amplifaya iliyong'olewa katika gari. Matatu inapofanyiwa ukarabati, au gari kuukuu linapouzwa kwa vipande, chombo hicho hupata njia yake hadi kwa mafundi wa vyombo vya sauti, hususan katika mitaa kama Luthuli Avenue jijini Nairobi, na kutoka huko huishia sebuleni.

Taabu huanza mnunuzi anapofika nyumbani. Ukutani mna stima ya volti 240 ya mkondo geu, ilhali chombo alichobeba kinahitaji volti 12 za mkondo mnyoofu, tena kwa wingi. Hapo ndipo watu hutafuta chochote kinachotoa volti chache: chaja ya kipakatalishi, sanduku la umeme la kompyuta iliyokufa, transfoma ya redio ya zamani au betri ya gari. Baadhi ya mbinu hizo hufaa sana. Nyingine huunguza chombo, na nyingine huunguza nyumba.

Jambo la kwanza ni kutoamini maandishi yaliyo kifuani mwa amplifaya. Nyingi hutangaza wati 1,000 au hata 2,000, ingawa ukweli umo katika fyuzi iliyochomekwa ubavuni. Iwapo fyuzi ni ya ampea 30, basi hata gari likiwa linanguruma na kutoa volti 14.4, umeme unaoweza kuingia kwa muda mrefu ni kama wati 430 pekee. Amplifaya za mtindo wa zamani hupoteza karibu nusu ya umeme huo kama joto, ndiposa mgongo wake una mapezi ya alumini. Zile za kisasa, za daraja D, hupoteza kiasi cha moja kwa tano. Kwa hivyo wati 1,000 za kwenye karatasi hubaki 250 hivi, au 350 chombo kikiwa bora. Hesabu hii si ya kumvunja moyo mnunuzi. Humwonyesha ukubwa wa chanzo cha umeme anachopaswa kutafuta, na mara nyingi huwa kidogo kuliko alivyohofia.

Isitoshe, muziki hauli umeme kwa kipimo kimoja. Wimbo uliotulia unaweza kutumia ampea tatu au nne kwa jumla, kisha ngoma ya besi inapopigwa mahitaji hupanda ghafla hadi 20 au 30 kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ni mruko huo unaozishinda chaja ndogo. Adapta ya volti 12 na ampea mbili, kama zile zinazowasha vifaa vya intaneti nyumbani, huweza kuwasha taa ya amplifaya na kumpa mwenyewe matumaini, lakini sauti ikipandishwa kidogo tu hujizima, hujiwasha, na kujizima tena. Spika hubaki zikikohoa.

Chaja ya kipakatalishi ni hatari zaidi kwa sababu nyingi hutoa volti 19. Ndani ya amplifaya, umeme hupokewa kwanza na kapasita ambazo mara nyingi zimeandikwa volti 16. Zikizidishiwa, hufura na kupasuka. Kosa kama hilo hufanywa na wanaounganisha betri mbili kwa mfuatano, au kuchukua umeme moja kwa moja katika lori au basi kubwa bila kujua kwamba mengi ya magari hayo hutumia volti 24. Hapo amplifaya haipewi nafasi ya kukohoa.

Sanduku la umeme la kompyuta ya mezani ndilo kipenzi cha mafundi wa jua kali, na si bila sababu. Hupatikana kwa bei ya chini, lina feni yake, na hujizima lenyewe likizidiwa. Nyaya zake za manjano hutoa volti 12, nyekundu volti tano, na nyeusi ni za kurudishia. Ili liwake bila kompyuta, waya wa kijani huunganishwa na mweusi wowote. Hata hivyo, kibandiko cha ubavuni kinastahili kusomwa kwa makini: sanduku linalojiita la wati 450 laweza kuwa linatoa ampea 16 pekee upande wa volti 12, yaani wati 192. Hizo nyingine zimegawiwa volti tano na volti 3.3, ambazo amplifaya haina haja nazo.

Masanduku ya zamani yana ukaidi mwingine. Hujirekebisha kwa kutazama upande wa volti tano, na upande huo usipokuwa na kazi yoyote, zile volti 12 hushuka mzigo unapoingia. Fundi mjuzi huunganisha balbu ya breki ya gari kati ya waya mwekundu na mweusi. Balbu huwaka kwa unyonge, hula kama ampea moja, na upande wa volti 12 husimama imara. Nyaya kadhaa za manjano hukusanywa pamoja, wala si mmoja kutwikwa mzigo wote.

Lakini sanduku hilo halipaswi kufunguliwa na asiyejua anachokifanya. Kapasita zake kubwa huhifadhi umeme wa zaidi ya volti 300, na huweza kumrusha mtu hata baada ya waya wa ukutani kuchomolewa. Kuunganisha masanduku mawili kwa mfuatano nako ni balaa, maana upande hasi wa kila moja umeshikana na bati lake na kupitia hapo na waya wa ardhini, kwa hivyo moja kati ya hayo hujikuta limepigwa shoti. Wapo wanaokata mguu wa tatu wa plagi ili kuondoa mngurumo katika spika. Hao hubadilisha kero ya masikio na hatari ya uhai.

Kuna wanaolalamika kwamba volti 12 kamili si sawa na zile 14.4 za gari. Ni kweli kwamba nguvu hupungua, kwa karibu thuluthi moja katika amplifaya nyingi. Sikio, hata hivyo, halihesabu kama kalamu. Upungufu huo ni chini ya desibeli mbili, na wasikilizaji wengi hawataugundua. Kama mtu ana pesa kidogo za kuongeza, yale masanduku ya chuma yenye matundu yanayowasha mabango ya taa na kamera za usalama ni bora kuliko ya kompyuta: hupatikana ya ampea 30, na mengi yana skrubu ndogo ya kupandisha volti hadi 13 na ushei. Kasoro yake ni kwamba skrubu za kuunganishia stima ya ukutani ziko wazi, jambo lisilofaa kabisa katika chumba chenye watoto.

Transfoma na dayodi zilizounganishwa nyumbani nazo zina wafuasi wao. Transfoma ya volti 12 hutoa kilele cha takriban volti 17, na baada ya dayodi na kapasita kubwa, volti 15 au zaidi hubakia wakati hakuna mzigo. Kapasita isipotosha, spika hutoa mngurumo mzito wa mara 100 kwa sekunde. Chaja nyingi za kale za kuchajia betri, zikitumiwa peke yake bila betri, hunguruma vivyo hivyo.

Betri yenyewe ndiyo chanzo ambacho amplifaya ilizaliwa nacho. Hutoa umeme laini, na mruko wa besi hauishtui. Tatizo ni muda. Betri ya gari yenye ukubwa wa ampea-saa 50 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa sababu vibati vyake vyembamba vimeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kutumikia sherehe usiku kucha. Muziki ukila ampea tano kwa wastani, nusu hiyo huisha baada ya saa tano. Betri iliyopumzishwa ikisoma volti 12.2, muda wa kuichaji umewadia. Wengine huifunga betri pamoja na sanduku la kompyuta wakidhani litaichaji. Haliwezi. Betri iliyojaa husimama karibu volti 12.7, juu ya zile 12 za sanduku, na huhitaji chaja inayotoa volti 13.6 au zaidi. Chaja halisi ya aina hiyo, ikishikana na betri, hufanya kazi maridadi: chaja hutoa kidogo kidogo, betri hubeba mruko. Chumba kiwe na hewa, maana betri ya maji hutoa haidrojeni inapochajiwa, na cheche moja hutosha.

Mengi huharibikia katika nyaya. Watu hutumia waya wa kuunganishia taa, wenye unene wa milimita mraba 1.5, kwa kuwa ndio ulio karibu. Kwa umbali wa mita mbili kwenda na mbili kurudi, ampea 30 hupoteza humo volti 1.4, na waya hubeba joto la wati 40, kama pasi ndogo iliyofichwa chini ya zulia. Waya wa milimita mraba 10 hupoteza volti 0.2 tu. Fyuzi nayo iwekwe karibu kabisa na betri, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya. Betri ya gari ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea na waya huwa mwekundu kama mkaa kabla mtu hajapata koleo. Msumari au karatasi ya sigara iliyokunjwa mahali pa fyuzi haikatiki.

Kabla ya kuwasha amplifaya ya mitumba kwa mara ya kwanza, mafundi waangalifu huiunganisha na umeme kupitia balbu ya taa ya mbele ya gari, wakiuacha kando ule waya mwembamba wa kuiamsha. Balbu ikimeta mara moja na kuzima, ni kapasita tu zilizojaa, na waya wa kuiamsha waweza kuunganishwa. Balbu ikiwaka na kubaki inawaka, ndani kuna shoti, na chombo hurudishwa dukani kabla muuzaji hajafunga.