Mnyama kupindua meza? Kariakoo wagawanyika

UKIINGIA Kariakoo wiki ile ya Mei 2025 kununua hata soksi, ulitoka na hesabu za mabao. Simba walikuwa wamechapwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco Mei 17, na Jumapili, Mei 25, walikuwa wanarudiana nao fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Wana Msimbazi hawakutaka habari za kukata tamaa. Walikumbushia Al Masry: walipigwa 2-0 Misri, wakapindua meza Kwa Mkapa Aprili 9 na kupita kwa penalti. Watani wao wa Jangwani walicheka tu: safari hiyo Mkapa hakukuwa, mechi ilipangwa New Amaan, Zanzibar. Halafu Berkane wangetupia bao moja tu, Mnyama angetakiwa kufunga manne.

Lakini Yanga nao kidonda walikuwa nacho. Mwaka 2023 walishinda 1-0 Algiers, kombe likabaki kwa USM Alger kwa mabao ya ugenini, maana Kwa Mkapa walishalala 2-1. Simba wenyewe, 1993, walitoka sare Abidjan, wakaja kufungwa 2-0 na Stella nyumbani.

Utani ulikuwepo, ila pande zote zilijua: hakukuwa na klabu ya Tanzania iliyowahi kubeba kombe la CAF. Ndiyo maana tiketi ya boti ya Jumapili ilikuwa inaulizwa kuliko bei ya jezi.