Ufa Unaofuata Nondo

Nikiingia kwenye jengo la zamani, kifaa changu cha kwanza ni nyundo ndogo. Zege zima likigongwa hulia kikavu, kwa ukali. Lililobanduka ndani hutoa mlio wa kitu kitupu, na hapo naweka alama ya chaki. Chini ya roshani za jengo moja la ghorofa nne pale Upanga, Dar es Salaam, karibu dari yote ilijaa chaki. Mama wa ghorofa ya juu alishangaa: "Mwanangu, hapo si tulishaziba, tukapaka na rangi?"

"Ndiyo, mama, na ndiyo maana tumechelewa kuona," nilimjibu.

Wahenga walituhimiza kuziba ufa, lakini ufa wa zege lenye nondo unataka kusomwa kwanza. Nondo haishiki kutu kwa sababu saruji huizungushia alkali kali, pH kati ya 12 na 13. Hewa ya ukaa hupenya polepole kutoka nje na kuishusha; ikifika chini ya 9 hivi, nondo imebaki bila kinga. Maji na oksijeni vikiifikia, kutu inaanza, nayo huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa. Zege, ambalo ni hodari wa kubeba lakini dhaifu likivutwa, hupasuka kwa kufuata mstari wa nondo. Ukiziba kwa plasta tu, kutu inaendelea nyuma yake.

Ili kujua hewa imefika wapi, tunachimba tundu na kunyunyizia fenolfthaleini. Penye kinga hugeuka waridi iliyokolea; ilipokwisha hapabadiliki rangi. Kisha tunapima nondo ziko kina gani. Hapa ndipo uzembe wa siku moja ya ujenzi unapojitokeza. Hewa hupunguza kasi kadiri inavyoingia: ikichukua miaka 10 kupenya milimita 10, itahitaji kama miaka 40 kufika 20. Basi fundi aliyeacha kuweka biskuti za kuinulia nondo, zege la juu yake likawa nusu ya unene uliotakiwa, ameiachia kinga hiyo robo tu ya umri wake.

Huku pwani kuna chumvi, na chumvi haisubiri alkali ishuke. Iwe imekuja na upepo wa bahari au na mchanga wa ufukweni usiooshwa, ikiifikia nondo huila kwa vitobo, pengine bila zege kuvimba. Nondo huonekana nzima, kumbe sehemu moja imebaki nyembamba. Kwa hiyo siamini macho peke yake, wala nyundo ya Schmidt peke yake, ile inayopima jinsi uso wa zege unavyoirudisha. Hewa ya ukaa huufanya uso kuwa mgumu zaidi, na zege kongwe likapata alama lisizostahili. Lazima tukate vipande vya ndani vikavunjwe maabara.

Usiku wa 24 Juni 2021, sehemu kubwa ya jengo la Champlain Towers South, ghorofa 12, ilianguka Surfside, Florida, ikaua watu 98. Jengo lilijengwa mwaka 1981. Mwaka 2018 mhandisi alikuwa ameshaandika kwamba maji yanapenya eneo la bwawa la kuogelea na zege limeharibika. Uchunguzi wa baadaye ulikuta pia kwamba usanifu wa eneo hilo haukutimiza viwango tangu mwanzo. Kinachoniuma ni kwamba tangu ripoti ile iandikwe hadi jengo kuanguka ilipita karibu miaka mitatu. Tangu hapo sianzi hesabu bila kuulizia michoro ya awali na kupanda paani. Tangi la lita 5,000 lililowekwa huko juu likijaa ni tani 5 za maji, na aliyechora jengo miaka ya 1960 huenda hakulitarajia.

Mkazi naye ana kazi. Achore mstari wa penseli penye ncha za ufa na aandike tarehe. Ukivuka mstari, unakua. Madoa ya kahawia ni ya kuripoti mapema. Lakini ufa wa mshazari kwenye boriti karibu na nguzo, au nguzo inayomeguka hadi nondo zikapinda nje, si vitu vya kupimwa kwa penseli. Tokeni wote, halafu mwiteni mhandisi aliyesajiliwa.