Mshonee mtoto anayebebwa

Anayeanza kushona vitu vya watoto wachanga nyumbani, awe Nyanchwa mjini Kisii au Kebirigo kule Nyamira, mara nyingi huanza na seti ya kitanda: mto mdogo wenye masikio ya sungura, blanketi nene, na ule ukingo uliojazwa pamba unaozungushiwa ndani ya kitanda cha mtoto. Seti hiyo hupendeza kwenye picha, na picha ndiyo duka la mtandaoni. Naomba uiache. Sababu ya kwanza ni uhai wa mtoto. Kuna watoto waliobanwa pua na mdomo na kingo hizo wakakosa hewa, hadi Marekani ikapitisha sheria mwaka 2022 kupiga marufuku uuzaji wake. Madaktari wa watoto wanashauri kwamba mahali anapolala mtoto ambaye hajatimiza mwaka pasiwe na mto wala kitu chochote laini kilicholegea. Sababu ya pili ni ya biashara: watoto wengi wa Kisii na Nyamira hawana hicho kitanda. Usiku wanalala karibu na mama zao, mchana wako mgongoni.

Robert LeVine, mwanaanthropolojia Mmarekani, alikuja Gusii, yaani huku kwetu Kisii na Nyamira, miaka ya 1950, akarudi na wenzake miaka ya 1970 kutazama jinsi akina mama wa huku wanavyolea. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, Child Care and Culture, kilitoka mwaka 1994. Waliyoyaona hayamshangazi mtu yeyote aliyekulia huku: mtoto hakai mbali na mwili wa mtu, akilia hutulizwa upesi, na mama akienda shambani mtoto huachiwa omoreri, yule dada au kaka mkubwa wa kumbeba. Siku hizi omoreri yuko darasani, nafasi yake imechukuliwa na nyanya au msichana wa kazi. Lakini leso na mgongo bado vipo. Ninaamini fundi wa nyumbani anayemshonea mtoto huyo wa mgongoni ana soko ambalo mtumba na shehena za China hazijamnyang'anya.

Hebu tumtazame mtoto huyo akiwa amebebwa. Miguu imepanuka kumzunguka mbebaji, magoti yamepanda. Ukimvalisha suruali iliyokatwa kwa patani ya mtoto aliyelala chali, mambo mawili hutokea: mshono wa kati unambana mapajani, na pindo linapanda hadi karibu na magoti, mashavu ya miguu yakabaki nje kwenye baridi ya Keroka. Dawa yake ni rahisi. Tia kipande cha umbo la almasi, chenye upana wa sentimita 8 hivi, kati ya mapaja, kisha ongeza urefu wa mguu kwa sentimita 4 au 5 na umalizie kwa ribu inayoshika kifundo. Vifungo vya mbele viondoe kabisa, maana ndivyo vinavyokandamizwa kati ya tumbo la mtoto na mgongo wa mama. Viweke begani au upande wa ndani wa miguu. Miguu inayoning'inia hudondosha soksi, na mama hagundui hadi afike nyumbani, kwa hiyo anayefuma afume soksi ndefu za kufika gotini. Mkao huo wenyewe ni mzuri kwa mtoto. Madaktari wa mifupa wanasema miguu iliyopanuliwa na kukunjwa huisaidia nyonga kukaa vyema, ilhali kumfunga mtoto miguu ikiwa imenyooshwa kunaweza kuiharibu. Anayeshona shali ya kumviringisha mtoto aache nafasi ya kutosha kuanzia kiunoni kwenda chini.

Baada ya mkao wa mtoto, jambo la pili ni mvua. Nyanda hizi za Gusii hazina mwezi unaoweza kuuita mkavu kikweli, na kwa mwaka hupata zaidi ya milimita 1,500. Mvua yenyewe hupenda kuja alasiri, kwa hiyo nguo zinazofuliwa asubuhi zina saa chache tu za kukauka. Nepi ya kitambaa iliyoshonwa tabaka sita kwa pamoja, kama zile zinazoonyeshwa mitandaoni, haikauki siku hiyo, na kesho yake inanuka. Shona tabaka mbili za flaneli kwenye kipande kikubwa cha mraba ambacho mama atakikunja mwenyewe, au mfuko ulioachwa wazi upande mmoja, wenye kitambaa cha kunyonya kinachotolewa na kuanikwa peke yake. Shali nayo isizidi tabaka mbili. Flisi ni nyepesi na hukauka haraka, ila hainyonyi unyevu, hivyo inafaa kuwa tabaka la nje; upande unaogusa ngozi uwe pamba.

Pamba hurudi ikifuliwa, na flaneli hurudi zaidi. Kabla ya kukata jora lolote jipya, kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, kifue kwa maji ya moto, kianike, kipige pasi, kisha ukipime. Kikitoka na sentimita 47, kimepungua kwa asilimia 6, na shali uliyoitangaza kuwa ya sentimita 90 itakuwa chini ya 85 mkononi mwa mteja. Mteja huyo hatakuja kulalamika. Atanyamaza na kununua kwingine. Fua kitambaa chote kwanza, upunguze pia dawa za kiwandani zinazowasha ngozi laini, ndipo ukate.

Wengi huniuliza jinsi ya kushindana na mtumba. Pale soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, mama anaweza kuchagua fulana na ovaroli za mtoto kwa bei ambayo wewe hununulii hata kitambaa. Usiende huko. Fulana ya kawaida, gauni la kawaida, suruali ya jinzi: hizo waachie wenye mabelo. Familia nyingi hutaka nguo za kwanza kabisa za mtoto ziwe mpya, na belo haliwezi kumpa mama kofia, glavu, soksi na shali vinavyolingana, vya saizi ya mtoto aliyezaliwa jana. Kuna pia wale wanaosahaulika. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake kina mzingo wa karibu sentimita 35. Aliyezaliwa kabla ya wiki 37 anaweza kuwa na 30 au hata pungufu, na ndiye anayepoteza joto upesi kuliko wote. Mama aliyejifungulia Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, au ile ya kaunti ya Nyamira, mtoto akiwa na kilo moja na nusu, anahitaji kofia ndogo siku hiyo hiyo. Kofia za jezi laini zenye mzingo wa sentimita 26, 28 na 30 zinatumia mabaki ya kitambaa. Ziwe tayari kabatini na utangaze kwamba zipo. Boda atazifikisha wadini.

Kuhusu usalama sina mjadala. Kofia ya shali isiwe na kamba. Kiwango cha Ulaya cha EN 14682 hakiruhusu kamba kichwani wala shingoni kwa nguo za watoto wa chini ya miaka 7, nami naona fundi wa Ogembo hana sababu ya kulegea kuliko hapo. Macho ya wanasesere wa kitambaa yatarizi kwa uzi badala ya kushonea vifungo. Pindua kila soksi na kila glavu ndani nje, ukate nyuzi zilizobaki, maana uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto unaweza kukaza hadi damu isipite, na mtoto hawezi kusema anapoumia. Pini kumi zikiingia, kumi zitoke. Sindano ikivunjika, tafuta vipande vyote uvibandike kwa selotepu kwenye daftari. Kipande kimoja kikikosekana, nguo hiyo haiuzwi.

Sasa bei, mahali ambapo biashara nyingi za nyumbani hufa bila mwenyewe kujua. Tuchukue shali ya tabaka mbili, sentimita 75 kwa 75. Flaneli yenye upana wa sentimita 150 baada ya kufuliwa inatoa vipande viwili kwa mkupuo, kwa hiyo unahitaji sentimita 80 ukihesabu na kurudi. Tuseme mita ni Sh300: kitambaa ni Sh240. Uzi, lebo na mfuko, Sh40. Jumla Sh280. Wengi huishia hapo, wakauza Sh400 na kufurahia faida ya Sh120. Lakini kufua, kukata, kushona, kupiga pasi, kupiga picha, kujibu ujumbe na kupeleka mzigo stejini vimekula karibu saa mbili. Ukijilipa Sh100 tu kwa saa, shali imekugharimu Sh480, na bado hujahesabu mafuta ya cherehani, umeme, bando la intaneti, wala ile siku sindano ilipotoboa mashimo kwenye jezi kwa sababu hukubadilisha kuweka ya ncha ya mviringo. Kwa Sh400 unamlipa mteja achukue jasho lako. Bei ya Sh600 ni ya haki. Ukiona soko haliifikii, usikimbilie kuishusha, punguza saa. Kata shali kumi kwa pamoja, shona mishono yote ya aina moja kwa mfululizo, peleka mizigo mara mbili kwa wiki. Na cherehani ya miguu usiiuze hata ukinunua ya umeme, kwa maana stima za huku hupotea siku ile ile uliyoahidi mzigo.

Kodi isikutie hofu. Tangu Julai 2023, kodi ya mauzo ya asilimia 3 inawahusu wenye mauzo ya zaidi ya Sh1,000,000 kwa mwaka, yaani kama Sh83,000 kwa mwezi. Fundi anayeanza hayuko hapo, ila aweke rekodi kwenye daftari na ajaze ritani yake ya KRA kila mwaka kabla ya mwisho wa Juni. Pesa za biashara zipitie Pochi la Biashara au namba ya till, zisichanganyike na za unga na karo. Anayesema ametuma, angalia salio lako kabla ya kufunga mzigo. Ujumbe wa simu hughushiwa.

Mtandaoni, kwenye katalogi ya WhatsApp au ukurasa wa Facebook, andika bei. Tabia ya kumjibu kila anayeuliza "bei?" kwa kumwita pembeni inafukuza mama mwenye mtoto kifuani na dakika mbili za simu. Andika pia vipimo kwa sentimita, kitambaa chenyewe na jinsi kinavyofuliwa, na kwenye picha laza tepu kando ya nguo ili mtu aone ukubwa. Piga picha karibu na dirisha, asubuhi, bila flashi. Huhitaji sura ya mtoto wa mtu. Huku kwetu wapo akina mama wengi wanaohofia jicho la watu juu ya mtoto mchanga, na hofu hiyo ya zamani sasa ina sheria upande wake: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, picha ikiwemo. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mteja akikutumia picha ya mwanawe amevaa kofia yako, furahi, mshukuru, na usiiweke popote kabla hajakubali kwa maandishi.

Wateja wako bora huenda wasiwe majirani. Binti wa Manga anayefanya kazi Nairobi, au yule aliyehamia Minnesota ambako Wakisii ni wengi, ndiye mwenye hela ya seti ya Sh2,500 kwa ajili ya dada yake anayejifungua nyumbani. Usihangaike kutuma nguo Marekani kwenyewe. Sheria yao ya bidhaa za watoto, CPSIA ya 2008, inadai vipimo vya maabara ambavyo biashara ndogo haivimudu. Muuzie zawadi inayoishia hapa hapa. Kwa aliye Nairobi anayetaka mzigo umfikie huko, mabasi ya usiku kutoka Kisii hufika alfajiri. Piga picha risiti ya mzigo na umtumie kabla hujaondoka stejini, na gharama ya usafiri mwambie mapema ni ya nani. Kwa zawadi, chukua nusu ya malipo kabla ya kukata kitambaa, na uliza tarehe ambayo daktari amekisia, kwa sababu seti inapaswa kuwa tayari wiki tatu kabla yake. Halafu omba namba ya simu ya mtu mwingine wa nyumbani atakayepokea mzigo; mama aliye wadi ya wazazi hawezi kutoka kuufuata stejini.