Mwambie mwanao: Kina cha ziwa hakipimwi kwa jicho

Katika kisiwa cha Rukuba, Wilaya ya Musoma mkoani Mara, mwanga ni chombo cha kazi. Usiku wa giza, mitumbwi ya dagaa huingia Ziwa Victoria ikiwa na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi zipo za betri na za sola. Dagaa hufuata mwanga, nyavu zikawazingira. Mbalamwezi iking'aa, dagaa hutawanyika na kazi huwa ngumu.

Lakini mchana, mwanga huohuo unaoleta kitoweo unaweza kumponza mtoto. Akisimama kwenye mwamba wa ufukweni siku maji yametulia, huona mawe ya chini kana kwamba ni ya kuokota kwa mkono. Akiruka, miguu haigusi kitu.

Kisa ni kwamba mwanga hubadili kasi. Hewani husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, majini takriban 225,000. Unapotoka majini kuja hewani kwa mshazari, hupinda. Jicho halijui kwamba umepinda. Hudhani umekuja kwa mstari mnyoofu. Basi chini ya ziwa huonekana kumepanda juu.

Ukitazama kutoka juu moja kwa moja, kina huonekana kama robo tatu tu ya kina halisi. Maji ya sentimita 120 huonekana kama 90. Mtoto wa urefu wa sentimita 115 atadhani yatamfika kifuani, kumbe yanampita kichwa. Akiyatazama kwa mbali, kwa mshazari, yataonekana mafupi zaidi.

Ukweli huu haukupatikana kwa siku moja. Baadhi ya Wagiriki wa kale, akiwemo Euclid, walifundisha kwamba jicho ndilo linalotoa miali na kwenda kugusa vitu. Mwanzoni mwa karne ya 11, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo, alipinga hoja hiyo. Alisema jua kali huumiza jicho, kwa hiyo kuna kitu kinachotoka nje na kuingia ndani. Tunaona kwa sababu mwanga kutoka kwenye vitu huingia machoni.

Kanuni ya mwanga kupinda iliandikwa Baghdad na Ibn Sahl mwaka 984, kisha Mholanzi Willebrord Snell akaigundua upya mwaka 1621. Hata hivyo ubishi uliendelea. Isaac Newton mwenyewe aliamini mwanga huenda kasi zaidi majini kuliko hewani. Mwaka 1850 Mfaransa Léon Foucault alipima na kuonyesha kuwa ni kinyume chake: majini hupunguza mwendo.

Huhitaji maabara kumwonyesha mwanao. Weka sarafu ndani ya bakuli la bati au sufuria. Mwambie arudi nyuma polepole hadi ukingo uifiche sarafu, kisha asimame hapohapo. Wewe mimina maji taratibu bila kuisogeza. Sarafu itajitokeza tena! Muulize, "Sarafu imepanda?" Atajibu mwenyewe kwamba haikusogea. Hapo mwambie kuwa ziwani ni vivyo hivyo, mawe hayakupanda, ni macho yamedanganywa.

Wavuvi wanaotumia mkuki wanalijua hili bila kitabu: hulenga chini kidogo ya pale samaki anapoonekana.

Kwa mzazi, somo hili lizae kanuni za nyumbani. Kina kipimwe kwa pondo au mti mrefu, si kwa macho. Asiruke mahali ambapo mtu mzima hajapima, hata kama aliruka hapo mwezi uliopita, maana kina hubadilika. Anapochota maji, kufua au kuoga, mtu mzima awe karibu, akimtazama. Mwenzake akizidiwa, asimfuate majini. Apige kelele na kumrushia dumu tupu lililofungwa kifuniko, au kamba.

Mtoto akiambiwa tu "usiende ziwani" atasubiri mzazi ageuke. Aliyeiona sarafu ikijitokeza ndani ya bakuli ana sababu yake mwenyewe ya kusita pale mwambani kabla hajaruka.