Kamio ya koperative ikizimika njiani: tufuate kwanza njia ya mazutu



Tomati za tambarare ya Ruzizi zinazopanda Bukavu haziwezi kungoja. Kamio ya zamani ikizimika mara tatu kwenye mlima wa Ngomo, masanduku ya chini yanaanza kuoza na wanunuzi wanashusha bei. Sisi maagronome si mafundi wa moteri, lakini mavuno yakipotea njiani, kazi ya shamba nayo imepotea.

Kamio ya namna hii inasumbua kwa sababu ikifika garaje inatembea muzuri. Fundi anabahatisha, anaomba tununue pompi ya enjeksio, kitu cha bei kali. Mbele ya kulipa, tuulize: inazimika namna gani? Shofere aandike katika daftari kila mara: mlimani ao tambarare, tangi iko na mazutu kiasi gani, ilizimika polepole ao gafula.

Inakosa nguvu polepole, kisha inazimika. Mazutu haifiki ya kutosha. Legeza kifuniko cha tangi. Kikivuta upepo kwa sauti na moteri ikapata nguvu tena, tundu dogo la kifuniko limeziba, lisafishwe. Kisha fungua visi ya chini ya filtri, pokea mazutu katika chupa nyeupe, ngoja dakika 10. Maji yanashuka chini, mazutu inabakia juu. Mukiona maji, mwaga pia yale ya chini ya tangi. Filtri chafu ibadilishwe. Uchafu wa tangi nao unaweza kuvutwa na kuziba mdomo wa tiyo. Moteri ikizimika, unaanguka. Ndiyo sababu kamio inapumzika kidogo, kisha inawaka tena.

Inazimika, na haiwake mpaka mupompe kwa mkono. Upepo umeingia. Tiyo inayotoka tangi inavuta mazutu, kwa hiyo ufa mdogo unaweza kuingiza upepo bila tone kuonekana inje. Weka kwa muda kipande cha tiyo yenye kuonyesha ndani, karibu na filtri. Mukiona mapovu, kaza viungo vyote na mubadilishe tiyo iliyopasuka.

Inazimika gafula, kama mtu amezima funguo. Kama pompi iko na kifaa cha umeme cha kufunga mazutu, angalia waya wake. Waya uliolegea unaachia kamio ikitikisika.

Jambo moja si la feza. Moteri ikizimika mlimani, usukani unaweza kuwa mzito, na freni zinaweza kupungua nguvu kadiri shofere anavyozikanyaga. Asimamishe kamio mara moja, watu washuke, mawe yawekwe nyuma ya magurudumu. Kamio yenye ugonjwa huu isibebe watu juu ya mizigo mpaka ipone.

Kwa kujikinga, bidoni ya mazutu ipumzike usiku mmoja bila kutikiswa. Mimina kupitia kitambaa safi, na muache vidole viwili vya chini. Jazeni tangi jioni, kwani tangi tupu inakusanya unyevu usiku.

Daftari ya shofere isomwe katika mkutano, fundi akiwepo, mbele ya kutoa makuta ya pompi. Mara nyingi dawa ni filtri, tiyo ao kifuniko.